Mwenyekiti wa Mtaa Ana Nini Zaidi ya Muhuri?

Ndugu msomaji, nina jirani yangu mmoja, mzee mstaafu wa reli, ambaye kila asubuhi hukaa barazani kwake na redio yake ndogo. Jumatano ile ya Novemba 27, 2024, siku ya uchaguzi wa Serikali za Mitaa, nilimpitia nikitoka kituoni kupiga kura.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamwuliza kama naye amekwishapiga. Akacheka. "Rais nitampigia, mbunge nitampigia. Huyu mwenyekiti wa mtaa ana nini cha kunipa zaidi ya muhuri? Nitamfuata siku nikitaka barua ya kwenda kumdhamini mtu polisi."

Sikuwa na jibu la papo hapo. Tena nilikuwa na aibu yangu mwenyewe. Nimefanya kazi ya redio zaidi ya miaka ishirini na majina ya mawaziri nayajua kwa kichwa, lakini hadi wiki ile sikujua mwenyekiti wa mtaa wangu analala nyumba ipi. Jibu la mzee nililitoa baadaye hewani, katika mazungumzo ya juma. Naliandika hapa kwa ajili ya wale ambao betri ziliwaishia njiani.

Tuanze na mwaka 1972. Mwaka huo nchi yetu ilifuta halmashauri za wilaya, na baada ya muda mfupi za miji zikafuata. Mpango wenyewe uliitwa Madaraka Mikoani, na jina hilo lilikuwa tamu. Ulichorwa kwa msaada wa washauri wa kampuni ya McKinsey kutoka Marekani. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuwatoa wataalamu katika ofisi za Dar es Salaam na kuwapeleka karibu na wananchi. Hapana budi kusema kweli: halmashauri zilizofutwa hazikuwa na afya. Kodi ya kichwa iliyokuwa ikizilisha ilifutwa mwaka 1969, na mtu asiyekula huwezi kumlaumu kwa kuchelewa shambani.

Wataalamu walikwenda mikoani kweli. Wakaja Wakurugenzi wa Maendeleo wa mikoa na wa wilaya, wasomi, wengine wachapakazi hodari. Lakini waliteuliwa na wakubwa, walilipwa na Hazina, na taarifa zao zilipanda juu. Aliyekuwa akijibu kwa wapiga kura wake alikuwa diwani, na diwani hakuwapo tena. Babu yangu mzaa mama alikuwa diwani wa halmashauri moja huko bara hadi mwaka ule. Mama anasema watu waliendelea kumjia kwa miaka kadhaa kuulizia daraja na zahanati, naye huwaambia, "Mimi sasa ni mkulima, nendeni kwa bwana mkurugenzi." Walikuwa hawaendi. Wangemwambia nini bwana mkurugenzi ambaye hawakumchagua wala hawawezi kumwondoa?

Mijini matokeo yalionekana upesi, kwa sababu mji hauvumilii uchafu kama shamba. Mitaro iliziba, taka zikalundikana, barabara zikachimbika, na katika miaka hiyo ya sabini kipindupindu kikaja. Mwaka 1978 Serikali ilizirudisha halmashauri za miji. Zile za wilaya zilingoja sheria za mwaka 1982 na uchaguzi wa mwaka 1983, zikaanza kazi Januari 1984. Katika mwaka huohuo wa 1984 Serikali za Mitaa ziliwekewa ibara zake katika Katiba, ya 145 na ya 146, ambazo zinaeleza kwamba kuwapo kwake ni kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere, akihojiwa na jarida moja la kigeni, alikiri kwamba kufuta Serikali za Mitaa na kuvunja vyama vya ushirika yalikuwa miongoni mwa makosa ambayo asingeyarudia. Ni viongozi wachache Afrika waliowahi kusema hivyo wakiwa bado Ikulu.

Sasa usidhani, ndugu msomaji, kwamba halmashauri zilizorudi zilikuwa malaika. Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa ikitupa taka zake Tabata, katikati ya makazi ya watu. Moshi, harufu na nzi vilikuwa sehemu ya maisha ya wakazi. Wakalalamika, hawakusikilizwa. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu kuishitaki Halmashauri yao wenyewe. Tazama vizuri mwaka huo. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini zilianza kudaiwa mahakamani Machi 1988. Wino ulikuwa bado mbichi. Wakazi wa Tabata walishinda, na Jiji likaamriwa kuacha kutupa taka pale na kutafuta mahali pengine.

Jiji halikuacha. Lilirudi mahakamani kuomba muda, kisha muda zaidi. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuongeza hata siku moja. Alishangaa kwamba mamlaka ya umma inakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuwachafulia watu hewa, akakumbusha kwamba Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi. Mkazi wa Tabata hakuwa amepewa fadhila. Jaji alisema kuna mstari ambao Serikali haiwezi kuuvuka hata kama ina magari na taka zinanuka.

Magari yakageuza njia, yakaenda Kunduchi Mtongani. Huko nako wakazi karibu 800 wakafungua shauri mwaka 1991, nao wakashinda. Magari yakageuza tena, yakaelekea Vingunguti. Unaweza kucheka au kulia. Lakini jifunze kitu: taka za Jiji zilikuwa zikitafuta mahali ambapo watu hawatasimama kusema.

Msomaji mwerevu ataniuliza, je, Halmashauri ile ya Tabata si ilikuwa na madiwani waliochaguliwa? Ilikuwa nao. Kura peke yake haikumsaidia mkazi wa Tabata. Ndiyo maana sisemi kwamba ukipiga kura ya mtaa umemaliza. Nasema kura ni mwanzo wa kumshika mtu shati, na kesi, mkutano na barua ni kuendelea kulishika.

Ushahidi dhidi yangu upo pia, nao nautoa mwenyewe. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Sumaye aliivunja Halmashauri ya Jiji, ikaundwa Tume chini ya Charles Keenja. Watu wa Dar es Salaam wanaikumbuka Tume ile kwa wema. Barabara zilitengenezwa, uzoaji wa taka ukapewa wakandarasi, Ubungo ikapata kituo cha mabasi ya mikoani. Wengi walisema, kwa nini turudishe madiwani wa kugombania viwanja? Hoja hiyo ina uzito. Lakini Tume ilifanya vizuri kwa sababu ilipata watu wazuri, na mwananchi hakuwa na namna yoyote ya kuhakikisha kwamba tume inayofuata ingekuwa na watu kama wale. Mwaka 2000 Jiji lilirudishiwa madiwani, likawa na manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa kwa mara nyingine na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Wananchi tulisikia redioni kama tunavyosikia habari za mvua.

Fedha nazo hupanda juu vivyo hivyo. Kodi ya majengo, iliyokuwa chanzo kikubwa cha halmashauri za miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016. Mwaka 2021 ikaanza kukatwa kwenye umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni rahisi kukusanya, sikatai. Lakini mpangaji akajikuta analipia nyumba isiyo yake. Na diwani ukimwuliza mbona mtaro haujazibuliwa, ana jibu tayari mdomoni: fedha ziko juu.

Hapo ndipo uchaguzi wa mtaa unapoingia. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka 2024 vyama vilishiriki, malalamiko ya kuenguliwa yakawa yaleyale, na matokeo yakakaribia kuwa yaleyale. Mwenyekiti anayepita bila kupingwa huenda akawa mtu mwema sana. Ila hakuna aliyemlazimisha kusimama mbele ya majirani zake na kuahidi kitu, kwa hiyo hakuna ahadi ya kumdai. Hilo lingepaswa kumsumbua hata mwanachama wa chama chake, maana taka zikianza kutafuta mahali pa kwenda hazitamwuliza kadi.

Siku mbili baada ya mazungumzo haya kwenda hewani, mzee aliniita barazani. Alikuwa ameandika maswali matatu nyuma ya risiti ya ada ya taka: mtaro wa nyuma ya msikiti, mapato na matumizi ya fedha za ulinzi shirikishi, na gari la taka linalopita mara moja wakati tunalipia mara mbili.

"Mkutano wa mtaa ni lini?" akaniuliza.

Sikujua. Tukaondoka wote wawili kwenda kwa mwenyekiti kumwuliza.