Kuku na bakteria rafiki: Wanachaguliwaje?

Kwa miaka mingi wataalamu wa sayansi ya kuku wamekuwa wakikutana mwezi Februari jijini Sydney, Australia. Chuo Kikuu cha Sydney nacho kina kituo cha utafiti wa kuku huko Camden, kusini-magharibi mwa jiji. Miongoni mwa maswali yanayowashughulisha wataalamu hao ni hili: ni bakteria gani wapewe kuku ili wawe na afya bila kutegemea viuavijasumu?

Swali hilo linamhusu pia mfugaji wa Kibaha au Kiambu anayenunua vifaranga wa siku moja.

Utumbo ulio mtupu

Kifaranga wa kienyeji humfuata mama yake, akidonoa ardhini na kupata bakteria kutoka katika kinyesi chake. Kifaranga wa mashine huanguliwa baada ya siku 21 bila kukutana na kuku mkubwa. Utumbo wake una bakteria wachache mno, na adui akitangulia hupata makao.

Mwaka 1973, Esko Nurmi na Rantala wa Finland walionyesha kwamba vifaranga waliopewa vilivyomo katika utumbo wa kuku wakubwa wenye afya waliweza kuhimili Salmonella. Hata hivyo, mchanganyiko wa namna hiyo unaweza kubeba magonjwa. Ndiyo maana hutafutwa bakteria wanaojulikana mmoja mmoja, nao huitwa probiotiki.

Mitihani ya kufaulu

Watafiti huanza kwa kuwatenga bakteria kutoka katika utumbo wa kuku wenye afya, hasa jamii ya Lactobacillus. Kisha huwapima: je, wanastahimili asidi ya tumboni na nyongo? Wanakua katika joto la mwili wa kuku, ambalo ni kama nyuzi 41? Wanajishikiza kwenye ukuta wa utumbo? Wanazuia vijidudu vya maradhi?

Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kugundua NetB, sumu ya Clostridium perfringens inayochangia vidonda vya utumbo. Adui akishafahamika, ni rahisi zaidi kumpima rafiki dhidi yake.

Mtihani mwingine ni wa usalama. Bakteria mwenye usugu wa dawa unaoweza kuhamia kwa wengine hukataliwa, hata akiwa hodari namna gani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo mwaka 2006 kwa kuhofia usugu huohuo.

Mwisho, bakteria sharti awe hai hadi amfikie kuku. Jamii ya Bacillus hujifunika ganda gumu, na hivyo huvumilia joto la kutengenezea chakula cha punje kuliko Lactobacillus. Wengi wanaong'ara maabara hushindwa wanapojaribiwa kwa kuku hai.

Kwa mfugaji

Pakiti isiyotaja jina la bakteria, idadi yao na tarehe ya mwisho ya matumizi haimwambii mnunuzi anachonunua. Maji yenye klorini nyingi yanaweza kuwaua bakteria hao, na kadhalika viuavijasumu vinavyotolewa kwa wakati mmoja. Maziwa ya mgando nayo yana bakteria hai, lakini hao wamezoea maziwa. Si lazima waweze kuishi katika utumbo wa kuku.

Wala probiotiki si badala ya chanjo ya kideri, maji safi na banda kavu. Faida yake ni kumrudishia kifaranga wa mashine sehemu ya kile ambacho angekipata kwa mama yake.