Kwinini ya Amani: Gome, Kikombe na Kidonge

Muulize mtu mzima yeyote wa Tandale kuhusu kwinini. Kabla hajakwambia inatibu nini, atakwambia masikio yanavyovuma ukiinywa. Swali letu leo ni hili: dawa hii chungu ilitokaje kwenye mti hadi ikawa kidonge? Sehemu ya jibu iko hapa hapa nchini, Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki.

Kwinini hupatikana kwenye gome la mti wa mkwinini, ambao asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Watu walikuwa wakilisaga gome hilo na kulinywa kwa ajili ya homa muda mrefu kabla ya mwaka 1820, pale wakemia wawili wa Paris, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou, walipoitenga kwinini yenyewe.

Sasa utauliza, kama gome lilikuwa linafanya kazi, kulikuwa na haja gani ya kuhangaika? Piga hesabu kidogo. Kuna mikwinini ambayo gome lake lina kwinini asilimia 2, na kuna mingine inafika 10. Gramu 10 za gome la kwanza zina miligramu 200 za kwinini. Gramu 10 za gome la pili zina miligramu 1,000. Kwa macho ni unga uleule. Kikombe kimoja kinakuacha na malaria yako, kingine kinakupeleka kwenye sumu.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, wakapanda mikwinini pamoja na mimea mingine mingi. Vita ilipoanza 1914, meli za Waingereza zilifunga njia ya bahari na dawa za Ulaya zikaadimika. Amani ikabidi itengeneze kwinini kutoka kwenye miti yake. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Usambara, na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck likarudi nyuma kuelekea kusini. Huko lilifika mahali pa kuchemsha gome tu na kunywa maji yake. Wanajeshi waliyapa jina la utani: Lettow-Schnaps, yaani pombe kali ya Lettow. Ladha yake, wanasema, ilikuwa balaa.

Kipi kilichokosekana kwenye sufuria ile? Utenganishaji. Njia ya kiwandani inatumia tabia moja ya kwinini: ni besi. Unga wa gome unachanganywa na chokaa, na hapo kwinini inakataa maji lakini inakubali kuyeyuka kwenye mafuta. Mafuta yakishaibeba, yanatikiswa na tindikali hafifu ya salfa. Kwinini inageuka chumvi, inayahama mafuta na kuingia kwenye maji. Takataka nyingi za gome zinabaki nyuma. Maji hayo yakipoa, salfeti ya kwinini inaganda kuwa fuwele nyeupe, huku ndugu zake kama kwinidini na sinkonini wakibaki zaidi kwenye maji. Fuwele unaweza kuzipima kwenye mizani. Ndiyo maana leo kidonge kinaweza kuandikwa miligramu 300 na kikawa nazo kweli.

Kila molekuli ina njia yake, lakini. Mwaka 1971 Tu Youyou wa China aliona dawa iliyomo kwenye mmea wa Artemisia annua inaharibiwa na moto. Akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, akafanikiwa. Kutoka hapo ndipo ilipotokea familia ya dawa iliyomo kwenye dawa mseto, ALu, ambayo Tanzania iliianza mwaka 2006.

Kwa hiyo jirani akikuletea kikombe cha mwarobaini na kusema kinatibu malaria, usimcheke. Hata kwinini ilianza hivyo hivyo. Ila muulize: humu mna kitu gani, na ni miligramu ngapi? Asipojua, na homa bado inakuchoma, nenda ukapime damu kwanza. Malaria haisubiri mjadala.