Siku moja, tume mbili

Wadau, tuikumbuke Oktoba 25, 2015. Mpiga kura wa Kiwengwa alipewa karatasi za tume mbili: ZEC kwa Rais wa Zanzibar, Wawakilishi na madiwani, NEC kwa Rais wa Muungano na Mbunge. Oktoba 28, Mwenyekiti wa ZEC, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi wa Zanzibar akidai taratibu zilikiukwa. Kesho yake NEC ikamtangaza Magufuli mshindi, kura za Zanzibar zikiwemo! Machi 20, 2016 ukarudiwa. CUF wakasusia, Dk. Shein akapata asilimia 91. Kisheria, kila tume na mamlaka yake, sawa. Lakini siku ile ile, mtu yule yule, kura moja halali, nyingine haramu? Hapo mie nimekwama. Nyie mwasemaje?