Namba mbili na namba tatu: skauti anaangalia nini kwa beki wa pembeni?

Wazazi na vijana wa Bukoba na Muleba wanaofuatilia kipindi cha michezo huuliza swali moja kwa namna nyingi: mtoto anacheza vizuri, kila mtu kijijini anamsifu, mbona hachaguliwi? Jibu linategemea anacheza nafasi gani. Leo tunazungumzia mabeki wa pembeni, yaani namba mbili wa kulia na namba tatu wa kushoto, kwa sababu hii ndiyo nafasi isiyoeleweka kuliko zote mchangani. Kwenye timu nyingi za vijiji, anayetaka sifa anaomba namba tisa au kumi, mrefu anapelekwa katikati, na aliyebaki anaambiwa, "Wewe kaa pale pembeni." Huku klabu kubwa zinahangaika kumpata namba tatu anayetumia mguu wa kushoto kweli, kwa kuwa wenye mguu huo ni wachache.

Mfano upo hapa hapa Bukoba. Mohamed Hussein, anayejulikana kama Tshabalala, aliichezea Kagera Sugar, timu ambayo kwa miaka mingi uwanja wake wa nyumbani umekuwa Kaitaba, kabla ya Simba kumsajili mwaka 2014. Alicheza namba tatu pale kwa zaidi ya miaka 10, akawa nahodha, kisha mwaka 2025 akahamia Yanga. Upande wa kulia, Shomari Kapombe alitokea Morogoro, akapita Polisi Morogoro, Simba, Cannes ya Ufaransa na Azam kabla ya kurudi Simba. Wote wawili wamefika mbali kwa kazi ambayo mchangani huonekana ni ya kujaza nafasi.

Sasa skauti anaangalia nini? Jambo la kwanza linaweza kuwashangaza: muda mwingi haangalii mpira. Mpira ukiwa upande wa kulia wa uwanja, yeye anamtazama beki wa kushoto. Je, amesogea katikati kuwasaidia wenzake, au amesimama kwenye mstari anashangaa mchezo? Je, anageuza shingo kuangalia nani yuko nyuma yake? Mabao mengi ya krosi huingia nguzo ya mbali, nyuma ya beki wa pembeni aliyeufuata mpira kwa macho na kumsahau mtu wake. Kijana anayegeuza shingo mara kwa mara kabla ya krosi kupigwa tayari ameandikwa kwenye daftari, hata kama hajagusa mpira dakika tano nzima.

La pili ni namna anavyosimama mbele ya winga. Beki wa mchangani hukimbilia mpira na kuteleza, watu wakapiga makofi. Beki aliyefundishwa hukimbia haraka hadi karibu, anapunguza hatua, anauelekeza mwili upande ili winga abaki na njia moja tu ya kupita, ile ya nje kuelekea kwenye mstari. Anamsubiri akosee. Kuteleza ni dawa ya mwisho. Skauti akiona kijana ameteleza mara sita kwenye kipindi kimoja, mara nyingi anasoma kwamba kijana huyo alichelewa mara sita.

Halafu kuna kurudi. Beki wa pembeni wa siku hizi hupanda kupiga krosi, na mpira ukipotea anatakiwa kurudi mbio mita 50 au 60, kisha apande tena. Kwa hiyo kwenye majaribio kijana hatapimwa kwa mbio moja ya mita 30 tu. Atakimbizwa mara nyingi na kupewa mapumziko mafupi, ili ionekane mbio ya nane inafanana vipi na ya kwanza. Makocha wengi wanampenda zaidi yule ambaye kasi yake haishuki kuliko mwenye mbio moja kali kisha anashika kiuno. Hili linaweza kufanyiwa mazoezi nyumbani bila kifaa chochote: hatua 30 kwenda, 30 kurudi, mapumziko ya sekunde 20, mara kumi.

Viwanja vyetu navyo vina maneno yake. Kuna viwanja vya Kamachumu na Nshamba vyenye mteremko, ambako kucheza kipindi kimoja ni kupanda mlima na kingine ni kushuka. Vinajenga mapaja na pumzi, hilo hatubishi. Lakini kijana aliyezoea nyasi ndefu na matope ya mvua zetu, akifika Kaitaba kwenye nyasi bandia, huona mpira unakimbia kuliko alivyozoea. Pasi zinampita na krosi zinatoka nje. Kama majaribio ni ya uwanja wa aina hiyo, afike siku moja kabla, aombe walau nusu saa ya kuugusa mpira pale. Na avae njumu alizokwisha kuzivaa. Mpya za kununuliwa jana zitamtoa malengelenge kabla ya saa nne asubuhi.

Wenzetu wa Marekani wana utaratibu tofauti kabisa. Kwenye mpira wao wa kushika mikononi, wachezaji wa vyuo hupimwa kwa saa na mizani, kisha timu 32 zinawachagua kwa zamu kila mwaka. Nao wana mlinzi wa pembeni, anayetakiwa kumkimbiza mpinzani nje na pia kumkaba ndani. Mkenya Daniel Adongo, mcheza raga wa Nairobi, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 kucheza nafasi hiyo bila kupitia zamu hiyo ya uchaguzi na bila kuwahi kucheza mchezo huo. Walimchukua kwa umbo na mbio zake. Desemba mwaka huo aliingia uwanjani, lakini hakuwahi kuwa tegemeo kwenye nafasi yenyewe, na mwaka 2015 safari yake pale iliisha. Mwili ulikuwepo, miaka ya kuusoma mchezo haikuwepo. Ndiyo maana tunasisitiza ile shingo inayogeuka kuliko misuli.

Kuna jambo la umri. Mwaka 2005 Serengeti Boys ilinyimwa nafasi kwenye fainali za Afrika za chini ya miaka 17 kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Siku hizi mashindano hayo hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, kinachoonyesha kama mifupa imefunga. Mzazi anayepunguza miaka miwili kwenye karatasi ili mtoto aonekane "bado mdogo" anamtegea mwanawe shimo. Tena kwa beki wa pembeni hakuna haja: nafasi hii hukomaa polepole, na kijana wa miaka 19 anayejua kazi yake bado ana soko.

Kama skauti hafiki Muleba, simu inaweza kusaidia. Rekodi ukiwa umeilaza simu, ukiwa mahali palipoinuka kidogo, na uonyeshe sehemu kubwa ya uwanja badala ya mguu wa kijana tu. Video ya dakika tatu au nne inatosha. Acha ndani yake matukio mawili ambayo amepitwa, ili anayeangalia aone anarudi vipi.

Sasa pesa, kwa kuwa hapa ndipo familia zinaumia. Anatokea mtu na suti ya michezo, anasema amempatia kijana wa miaka 16 timu nje ya nchi, zinahitajika milioni mbili za pasipoti na "kambi". Baba anauza kahawa ikiwa bado maua, butura ile ile tunayoijua, na mtu wa suti hapokei tena simu. Kanuni za FIFA zinakataza kusajili mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo inaweza kuwahusu jirani zetu wa Missenyi: anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani iliyo pia ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huo, akiendelea kuishi kwao. Safari ya Ulaya au Uarabuni kwa kijana wa miaka 16 haimo.

Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake huonekana kwenye tovuti ya shirikisho hilo. Kumwakilisha mtoto lazima awe na ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Malipo yake hutokana na mkataba uliosainiwa, hayatokani na shamba lenu.

Viongozi wa timu za vijiji nao wana la kufanya: wasajili vijana wao kwenye mfumo kupitia chama cha soka cha wilaya. Mchezaji akiuzwa kwa klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25, na kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Ada ikiwa bilioni moja, timu iliyokaa naye msimu wa miaka 16 na wa 17 inastahili milioni 10. Timu ambayo haijasajiliwa, au haikumsajili kijana, haina cha kudai.

Mkataba ukifika mezani na kijana hajatimiza miaka 18, muda wake usizidi miaka mitatu. Mzazi ausome au asomewe na mtu anayemwamini, asaini pamoja na mwanawe, na nakala moja ibaki nyumbani.