Kombinezo ya kuzamia: ya kulowana ao kavu?

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi ilizama karibu na bandari ya Kituku, mujini Goma. Kila mara ajali ya namna hii inatokea ku ziwa Kivu, watu wanaongojea ku kando wanajiuliza: kwa nini wazamiaji wanapanda juu mbio hivi? Hewa ya chupa inaisha, hiyo ni sababu moja. Ingine ni baridi, na hii watu wengi hawaiamini, juu Kivu haina barafu.

Maji ya juu ya ziwa yako kati ya degre 23 na 25 hivi. Kwa kuoga ni mazuri. Lakini mwili wa mutu uko na degre 37, na maji yanaondoa joto karibu mara 25 kuliko hewa. Mutu akikaa mule muda mrefu bila kitu cha kumukinga, atatetemeka. Vidole vinaanza kuwa vizito, kufunga kamba kunamushinda, kisha akili inachelewa. Na mule chini mwenye giza, mutafutaji anafanya kazi kwa kupapasa.

Njo maana kuna kombinezo. Ya kwanza ni ile nyeusi ya neopreni, mupira wenye viputo vidogo vya gazi ndani. Wengi wanafikiri inazuia maji. Hapana, maji yanaingia. Yanabakia kidogo kati ya mupira na ngozi, mwili unayapasha moto, na vile viputo vinazuia joto kutoka. Mwanafizikia Hugh Bradner wa chuo kikuu cha California ndiye aliyeitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Kwa hiyo kipimo cha mwili ni kikubwa kuliko marke. Kombinezo pana inapitisha maji mapya kila mara mutu anapojigeuza, na joto linakwenda nayo. Inapaswa kubana mugongoni, shingoni na ku mikono, bila kuzuia pumzi. Ukinunua ya okazio, finya kwa vidole: kama fasi ile inabakia bapa, viputo vimekufa, acha.

Unene ni jambo lingine. Milimita 3 inatosha kwa muda mufupi katika maji ya vuguvugu. Milimita 5, pamoja na kofia, inafaa zaidi kwa mutu anayerudi chini mara nyingi kwa siku. Milimita 7 ni ya maji ya baridi kweli. Lakini viputo vinaminywa kadiri mutu anavyoshuka. Kivu iko kwa urefu wa mita 1.460 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi. Kwa mita 10 tu chini ya maji, gazi ya viputo inabakia karibu nusu ya ukubwa wake, na kwa mita 30 chini ya robo. Nguo inakuwa nyembamba kule kule inakohitajika zaidi.

Kombinezo kavu haina shida hiyo sana. Maji hayaingii: shingo na mikono vinafungwa na mupira laini, zipu haipitishi tone, na ndani mutu anavaa nguo nzito za joto. Ku Silfra, kule Aisilandi, ambako maji yako degre 2 mpaka 4 mwaka wote, wazamiaji wanavaa hiyo.

Je, Kivu inaihitaji? Kwa baridi peke yake, hapana. Lakini kuna maji machafu ya karibu na bandari na mifereji, pamoja na bilharzia na kipindupindu. Hapo kombinezo kavu yenye kofia na glovu za kufungana nayo, pamoja na maski ya uso muzima, inakinga ngozi na kinywa. Kwa timu ya uokoaji hiyo ni sababu ya kweli.

Tatizo ni kwamba inaua mutu asiyefundishwa. Mutu anatia hewa ndani kwa vali ya kifuani, na kuitoa kwa ile ya mukono. Hewa ikikimbilia miguuni, anapinduka kichwa chini na kurushwa juu kama chupa tupu. Mapafu yanaweza kupasuka. Timu isiyo na mwalimu wake ibakie na milimita 5.

Uzito wa mukanda nao upimwe upya. Mutu aliyezoea bahari atabeba mawe ya risasi mengi kupita lazima, juu maji baridi ya ziwa hayana chumvi ya kumuinua. Tabeli za kuzamia pia ziwe zile za milimani, na mutu asipande gari kwenda Masisi mara tu anapotoka majini: milima ile ni mirefu zaidi, na gazi iliyo ndani ya damu inaweza kutoa viputo.

Kisha kazi, kombinezo ioshwe kwa maji safi na kukaushwa kivulini. Jua na esansi ya motere vinakula mupira, zaidi ule laini wa shingo. Ukianza kunata ao kupasuka, ubadilishwe mbele ya mutu kuingia tena.