Spirulina

Spirulina ni mwani mdogo mno wa rangi ya kijani-buluu, unaoota kama nyuzi zilizojisokota katika maji ya magadi yenye joto. Kisayansi huitwa *Arthrospira* na huwekwa katika kundi la sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua.

Makazi. Nchini Kenya hupatikana katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, hasa Bogoria na Nakuru. Huko spishi ya *Arthrospira fusiformis* ni chakula kikuu cha heroe wadogo, na karotenoidi zake, yaani rangi asilia, huyapa manyoya yao rangi ya waridi.

Uzalishaji. Hukuzwa katika mabwawa ya kina kifupi yenye pH ya 9 hadi 11 na joto la takriban nyuzi 35 za Selsiasi. Maji hukorogwa ili kila uzi upate mwanga. Kisha mwani huchujwa kwa kitambaa, hukamuliwa, hukaushwa na kusagwa. Hauhitaji ardhi yenye rutuba.

Matumizi. Protini ni asilimia 55 hadi 70 ya uzito mkavu wa spirulina. Wanawake Wakanembu wa Ziwa Chad huanika mwani huo mchangani kuwa mikate iitwayo *dihé*, inayotiwa katika mchuzi. Viwandani hutoa fikosianini, rangi ya buluu ambayo Marekani iliiruhusu katika pipi na chingamu mwaka 2013. Spirulina pia hulishwa samaki.

Tahadhari. Mwani uliovunwa ziwani huweza kuchanganyika na sianobakteria wenye sumu, hivyo hupaswa kupimwa kabla ya kuliwa. Vitamini B12 yake, kwa sehemu kubwa, haitumiki mwilini.