Likizo ya Mombasa, Tanga, Dar na Zanzibar: mpango uanzie mpakani

Wafanyabiashara na wasafirishaji wengi wa Kenya wanaijua barabara ya pwani kwa ajili ya mzigo. Wakiamua kupita njia hiyo hiyo na familia kwa mapumziko, hukosea jambo moja: hupanga hoteli kwanza na karatasi baadaye. Karatasi ndizo zinazoamua siku ya kuondoka.

Mfano ni familia inayotoka Nairobi kwa gari dogo, ikitaka kuona miji ya kale na kupata siku kadhaa za ufukweni. Safari hiyo inakaa vizuri katika usiku 10: Mombasa usiku 2, Tanga 1, Bagamoyo 1, Mji Mkongwe wa Zanzibar 1, ufukweni 3, Dar es Salaam 1 na Moshi 1. Kwenda ni kwa mpaka wa Lunga Lunga/Horohoro, kurudi ni kwa Namanga. Kwa mzunguko huo hakuna kurudia barabara nzima.

Kadi mbili za njano

Mpakani kuna "kadi ya njano" mbili, na kila moja ina dirisha lake. Ya kwanza ni ya bima ya gari, yaani Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hukatwa kwa kampuni ya bima nyumbani. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango huo wa bima. Ya pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kinachotakiwa Tanzania kwa msafiri anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya ikiwemo. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, lakini huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa. Anayechanjwa Jumatatu hawezi kuvuka kihalali Ijumaa ya wiki hiyo, hata awe na haraka kiasi gani.

Kitambulisho cha taifa, kinachomvusha Mkenya kwenda Uganda au Rwanda, hakitoshi kuingia Tanzania. Inatakiwa pasi, au hati ya muda ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Watoto nao wawe na hati zao, na mzazi anayesafiri nao peke yake abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake.

Kwa gari, kibali cha muda cha kuingiza chombo hutolewa na forodha ya Tanzania pamoja na ada ya barabara. Gari likiwa na mkopo wa benki, au kadi yake ikiwa na jina la kampuni, barua ya idhini ya mwenye mali ni lazima. Msafiri ataje mapema kwamba atatokea Namanga, na aombe siku zaidi ya alizopanga. Kibali kikiisha gari likiwa bado ndani ya nchi ni kosa la kiforodha, na hapo hasara yaweza kuzidi gharama ya likizo yote.

Barabara na miji

Mombasa inahitaji siku moja kamili: Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2011, kisha Mji wa Kale kwa miguu. Siku ya kuvuka mpaka isiwekewe matembezi ya maana. Kivuko cha Likoni chaweza kula asubuhi nzima, na zaidi ya hapo bado kuna karibu kilomita 100 hadi Lunga Lunga. Kituo ni cha huduma za pamoja, kwa hiyo anayeingia Tanzania humaliza shughuli za nchi zote mbili upande wa Horohoro.

Tanga ni ya kupumzika tu, ila mapango ya Amboni yako karibu, kaskazini mwa mji. Kutoka hapo barabara ni Segera, kisha kusini hadi Msata, ambako madereva wa malori wanaijua lami ya kilomita 64 inayokata kwenda Bagamoyo na kuiacha foleni ya Chalinze. Alama za 50 katika vijiji ziheshimiwe. Askari wako pale, na tochi zao zinafanya kazi.

Bagamoyo hupitwa na wengi bila sababu. Hapa ndipo ilipoishia njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora, mapagazi wakiteremsha pembe za ndovu ili zivushwe Zanzibar. Magofu ya Kaole na majengo ya misheni ya 1868 yanaonekana kwa nusu siku. Msafirishaji ataona humo historia ya kazi yake mwenyewe, upande wake mchungu ukiwemo.

Gari huachwa Dar es Salaam katika maegesho yenye ulinzi na stakabadhi. Boti za kasi huchukua abiria, na safari ni takriban saa mbili. Saa ya kwenye tiketi husomwa kizungu: 7:00 ni saa moja asubuhi. Anayetoka Kigali au Bujumbura akumbuke kusogeza saa yake mbele kwa saa moja.

Tangu Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni kutoka nje wakate bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Msafiri wa Afrika Mashariki aulizie kiwango kinachomhusu kabla ya kulipia boti. Mji Mkongwe una Ngome Kongwe, Darajani, Forodhani na kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu Desemba 2020, hivyo isiwekwe kwenye ratiba kama jumba la kuingia.

Ufukwe hupangwa kwa mwezi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, maji yakitoka huenda mbali kabisa. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa tena alasiri. Aliyelipia chumba ili aogelee asubuhi ataangalia wakulima wa mwani wakifanya kazi yao. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Familia isiyoweza kuchagua tarehe iende Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako maji hayakimbii hivyo.

Masika, Machi hadi Mei, bei hushuka lakini mvua ni nyingi. Mwezi wa Ramadhani mikahawa ya mjini hufungwa mchana, na siku za Idd boti hujaa. Juni hadi Septemba kusi huvuma, na bahari ikichafuka boti huweza kuchelewa. Ndiyo maana usiku wa Dar umewekwa kabla ya safari ya Moshi: kushuka boti na kuvuka mpaka siku moja kusijaribiwe.

Fedha na mzigo wa kurudi

Tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutajiwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni, hivyo shilingi za Tanzania zibadilishwe katika duka lenye leseni. Mifuko ya plastiki ibaki nyumbani. Kenya iliipiga marufuku 2017 na Tanzania bara 2019.

Mfanyabiashara hawezi kurudi mikono mitupu. Kanga chache na vifurushi vya viungo havina tatizo. Gunia la karafuu ni jambo jingine: zao hilo lina sheria yake Zanzibar, na likikutwa bila karatasi huhesabiwa magendo. Kwa bidhaa za kuuza zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, cheti rahisi cha uasilia hupatikana mpakani. Kiombwe Namanga kabla gari halijapekuliwa, si baada.